Sifa Si Ujira

Swali linalozungumzwa sana siku hizi katika mabaraza yetu, tangu Mombasa mpaka Lamu, ni hili: binti amefaulu mtihani wake, naye amepangiwa chuo kikuu huko bara, katika baridi ya Mlima Kenya, akasome uhandisi au ilimu ya kompyuta, jee, aende au asiende? Watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema asiende, kwani mahali pa mwanamke ni nyumbani. Fungu la pili husema aende, kwani dunia imegeuka, na asiyesoma atakuwa mtumwa wa aliyesoma. Hushindana mpaka ikaadhiniwa Isha, kisha kila mmoja akarudi kwake hali ya kuwa anadhani mas-ala yamekwisha.

Sisi hatukusudii kuufufua ugomvi huo. Wanavyuoni wameshaueleza, na mabinti wenyewe wameshakwenda, tena wengine wamehitimu na kuajiriwa. Tunalotaka kuliuliza ni lile lifuatalo: akishakwenda, akashika kazi, na wakubwa wakamsifu kwa kazi yake, jee, ile sifa anayopewa ni nyongeza ya haki yake, au ni kitu alichopewa badala ya haki yake? Swali hili laonekana dogo. Lakini ukilitazama vizuri utaona kwamba ndilo linaloamua kama mwanamke ameingia katika kazi mpya kwa heshima, au ametiwa kama kuni zinavyotiwa jikoni.

Natuanze na mahali penyewe. Wengi katika watu wa pwani wanaijua Kiganjo, mji mdogo ulio karibu na Nyeri, kwa ajili ya chuo cha polisi. Kila mwenye jamaa aliyeingia katika kazi hiyo amepata kuisikia. Wengine wanaijua kwa kiwanda chake cha maziwa, na wazee kwa stesheni ya gari moshi la Nanyuki. Si mbali na hapo, katika njia itokayo Nyeri kwenda Mweiga, pana Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Asili yake ni taasisi ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa michango ya wananchi. Mwaka 2007 ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Na mwaka 2012 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ndani ya uwanja wake pana kiwanda kiitwacho Semiconductor Technologies Limited, kinachoshughulika na vile vipande vidogo vya silikoni, maarufu kwa jina la chipu, ambavyo ndivyo ubongo wa simu, wa kompyuta na wa magari ya siku hizi. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitangaza msaada wa fedha za kuchunguza namna ya kukikuza kiwanda hicho. Na imetajwa hadharani, tena kwa fakhari, kwamba walio wengi katika wahandisi na mafundi wake ni wanawake.

Mwenye kutaka kujua kazi hii ni kazi gani, na afahamu hivi. Asili ya silikoni ni mchanga. Husafishwa mpaka isibakie taka hata chembe, ikayeyushwa, ikakatwa visahani vyembamba vinavyong'ara kama kioo. Juu ya visahani hivyo huchorwa, kwa mwangaza na kwa dawa kali, njia za umeme zilizo nyembamba kuliko nywele mara maelfu. Kazi hii hurudiwa tabaka juu ya tabaka, hatua mamia kwa mamia, na punje moja ya vumbi ikianguka mahali pake huiharibu yote. Kwa sababu hiyo wafanyakazi huvaa vazi lililowafunika tangu utosini mpaka nyayoni. Anayekhofia stara ya binti yake atastaajabu kuona kwamba katika vyumba hivyo wanaume nao hufunikwa gubigubi, kwani vumbi lenye kuogopwa mno ni lile litokalo katika ngozi na nywele za mwanadamu.

Yapasa tuseme wazi kwamba hatuna tuhuma yoyote juu ya kiwanda hiki cha Nyeri, wala hatukukitaja ili kukiaibisha. Tumekitaja kwa kuwa ni kichanga, na kazi yenyewe ni ngeni katika nchi yetu. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Masharti ya kazi huulizwa mapema. Yakishakauka, mwenye kutaka kuyakunja huyavunja, au huvunjika yeye.

Tukizisoma khabari za viwanda vya namna hii tangu vilipoanza kusafiri duniani, tunakuta kwamba kila vilipowatafuta wanawake vilikwenda na sifa tatu mkononi. Ya kwanza ni wepesi wa vidole, ya pili ni subira, na ya tatu ni utiifu. Ikasemwa kwamba mwanamke aweza kuushika uzi mwembamba bila ya kuukata. Kwamba hachoki kulikariri jambo moja kutwa nzima. Na kwamba akiamrishwa hufuata. Sifa hizi si za uwongo zote. Wako wanawake wengi wenye vidole vyepesi na subira kubwa. Ila jambo la kuangaliwa ni hili: zilipotajwa, zilitajwa mbele ya nani, na kwa kusudi gani? Hazikutajwa mbele ya mwanamke ili aongezewe mshahara. Zilitajwa mbele ya tajiri ili ajue kwamba atapata kazi njema kwa bei nafuu.

Hapa pana hila ambayo yataka tuifungue fundo lake. Sonara wa kiume akiwa na mkono mwepesi huitwa fundi, na wepesi wa mkono wake huongeza thamani ya kazi yake. Fundi wa saa vivyo hivyo. Lakini mwanamke akiwa na mkono huo huo huambiwa kwamba ndivyo alivyoumbwa. Na kitu kikishaambiwa kuwa ni maumbile, hakihesabiwi tena kuwa ni ufundi. Na kisichohesabiwa kuwa ni ufundi hakilipiwi. Kwa hivyo yale maneno yaliyokuja katika sura ya sifa, kumbe yameondoa kitu katika mfuko wa msifiwa. Hakuna aliyeuliza vidole vile vimejifunza wapi. Vilijifunza katika kusuka ukili, katika kushona, katika kuchambua mchele, tangu utotoni, katika chuo cha miaka kumi na zaidi ambacho hakitoi cheti.

Tuchukue mfano wa ndugu zetu wa Malaysia, Wamalay wa kisiwa cha Penang na nchi zake za jirani, ambao ni Waislamu kama sisi na wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii kama walivyo wengi wa pwani yetu. Mwaka 1972 serikali yao ilifungua eneo la viwanda lisilotozwa ushuru huko Bayan Lepas, na mwaka huo huo kampuni ya Intel ikaweka hapo Penang kiwanda chake cha kwanza nje ya Marekani. Katika vijitabu vya kuwaita matajiri wa kigeni, ikasifiwa mikono ya wanawake wa mashariki kuwa ni midogo na myepesi, na kwamba hapana wafaao zaidi yao kwa kazi ya vitu vidogo. Wakaja mabinti wa Kimalay kutoka mashamba ya mpunga, maelfu kwa maelfu, wakaketishwa mbele ya hadubini kuunganisha nyuzi nyembamba kama nywele, saa baada ya saa. Wengi waliumwa na vichwa, na macho yao yakadhoofika wangali vijana. Mshahara mdogo walioupata waliupeleka kwa wazazi na kuwasomesha ndugu zao. Na malipo waliyoyapata kwa watu wa kwao? Waliitwa kwa dharau "Mina wa umeme", na maneno mabaya yakasemwa juu ya tabia zao. Kiwandani walisifiwa vidole, kijijini wakatukanwa, na pande zote mbili hapakuwa na mtu aliyewauliza wana hali gani.

Kisha likatokea jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa. Katika miaka ya 1970 mabinti wakaanza kupandwa na pepo ndani ya viwanda. Mmoja hupiga ukelele kwamba ameona kitu ndani ya hadubini, wenzake wakamfuata, na mashine zikasimama. Mabwana wa viwanda, watu wa hesabu na ilimu ya kisasa, wakawa wanawaita waganga waje kufukuza mashetani. Bibi mmoja mtaalamu, Aihwa Ong, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1987, na rai yake ni kwamba yale yalikuwa malalamiko ya watu wasio na njia nyingine ya kulalamika. Sisi hatuutetei uganga, na yaliyosemwa juu yake yanatosha. Lakini mwenye akili hatosheki kuukemea ukelele. Huuliza ni kwa nini mtu aliyesifiwa kwa subira amepiga ukelele. Kwa miaka mingi wafanyakazi wale hawakuruhusiwa kuwa na chama kimoja cha nchi nzima cha kuwasemea. Aliyefungwa mdomo wake huenda akasema kwa mdomo wa pepo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa baba na binti yake katika nchi ya Korea ya Kusini. Binti huyo, Hwang Yu-mi, aliingia katika kiwanda cha chipu cha Samsung huko Giheung mwaka 2003, akiwa ndio kwanza anamaliza shule. Kazi yake ilikuwa kuvichovya visahani vya silikoni katika dawa. Mwaka 2005 akaonekana ana saratani ya damu, na mwezi wa Machi 2007 akafariki akiwa na umri wa miaka 22, katika kiti cha nyuma cha teksi ya baba yake, wakiwa njiani kurejea nyumbani kutoka hospitali. Baba huyo, Hwang Sang-ki, hakuwa mwanachuoni wala tajiri. Alikuwa dereva wa teksi. Lakini alilijua jambo moja: mwenzake binti yake aliyekuwa akifanya naye kazi ile ile mahali pale pale alikufa kwa maradhi yale yale. Akauliza dawa zile ni dawa gani. Akajibiwa kwamba majina ya dawa ni siri ya biashara. Hakunyamaza. Mwaka 2011 mahkama ikahukumu kwamba maradhi ya binti yalitokana na kazi yake, na mwezi wa Novemba 2018, baada ya miaka kumi na moja ya kudai, kampuni ikaomba radhi hadharani na kukubali kuwalipa fidia walioathirika.

Tumeileta khabari hii kwa ajili ya wazazi. Baba yule hakukosea kumpeleka binti yake kazini. Kazi ilikuwa ya halali na kampuni ilikuwa na jina kubwa. Wala hakuna kiwanda ambacho hakitumii dawa, na nyingi katika dawa hizo zikitumiwa kwa ulinzi hazidhuru. Lakini jambo lililozuiwa lilikuwa maarifa. Mfanyakazi aliambiwa kuwa ni hodari, asiambiwe ameshika nini mkononi. Huko ndiko kusifiwa badala ya kupewa haki.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vibarua wa viwandani, na kwamba wenye shahada hayawafiki. Natutazame. Mashine ya kuhesabu iitwayo ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu huko Marekani mwaka 1946, ilitungiwa maagizo yake na wanawake sita, wote wajuzi wa hisabati. Wakati huo kazi ya kuipangia mashine maagizo ilidhaniwa kuwa ni ya ukarani tu, na waliosifiwa walikuwa wanaume walioiunda mashine yenyewe. Majina ya mabibi wale hayakupewa nafasi yake ila baada ya miaka mingi. Kazi hiyo hiyo ilipojulikana kuwa ina heshima na fedha, ikaitwa kazi ya wanaume. Huko Uingereza, mwaka 1962, bibi Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kutunga programu, akaajiri wanawake wenye watoto wakifanya kazi majumbani mwao. Akaona barua zake hazijibiwi mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la kiume, Steve. Kazi haikubadilika, ila jina. Lau kama kipimo kingekuwa ni ubora wa kazi, jina lingeleta tafauti gani?

Wala sisi Waislamu tusijione tumesalimika. Katika karne ya kumi ya miladi, huko Halab, alikuwako bibi fundi wa astrolabu, chombo cha kupimia nyota na nyakati, akiwa katika utumishi wa Sayf al-Dawla. Ibn al-Nadim amemtaja katika Fihrist yake pamoja na mafundi wa zama hizo. Watu hupenda kumtaja kuwa ni dalili kwamba mwanamke wa Kiislamu aliishika ilimu ya vyombo tangu kale, na ni kweli. Lakini yafaa pia tuone kwamba hakuandikwa kwa jina lake mwenyewe, bali kwa nisba ya baba yake: al-Ijliyya, binti wa al-Ijli. Ufundi wake ulihifadhiwa, na jina lake likaachwa.

Turudi kwetu. Nairobi kuna kazi ya namna nyingine, isiyo na dawa wala hadubini. Vijana, wanawake kwa wanaume, huketi mbele ya kompyuta wakisoma na kutazama machafu yanayopelekwa katika mitandao, ili wayaondoe, au wakiyapanga kwa mafungu ili mashine zijifunze kuyatambua. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME lilieleza kwamba waliofanya kazi hiyo katika kampuni ya Sama kwa ajili ya OpenAI walipata baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, hali ya kuwa walikuwa wakisoma maelezo ya mauaji na ya kudhulumiwa watoto. Waliokuwa wakiisafisha Facebook walikwenda mahkamani Kenya, na mwezi wa Septemba 2024 Mahkama ya Rufaa ikaamua kwamba kampuni ya Meta yaweza kushitakiwa hapa nchini. Mwaka huo huo ikaelezwa kwamba zaidi ya 140 katika hao walipimwa na daktari wakaonekana wamepata maradhi ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha waliyoyaona.

Hili latuhusu sana. Sisi huuliza binti amevaa nini kichwani aendapo kazini, na swali hilo lina mahali pake. Lakini jee, kuna aliyeuliza macho yake yamelazimishwa kuona nini kwa muda wa saa nane? Tumeagizwa kuyainamisha macho. Naye ameajiriwa ili asiyainamishe. Akirudi nyumbani amenyamaza, hali, halali, husemwa kuwa amejitia uzungu. Kumbe amebeba mzigo ambao ameandikiwa katika mkataba asimwambie mtu.

Na nchi ya Nyeri yenyewe ina funzo katika jambo hili. Marehemu Wangari Maathai alizaliwa huko, katika kijiji cha Ihithe. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa, na mwaka 2004 akapewa nishani ya Nobel ya amani. Watu humkumbuka kwa miti. Lakini kabla ya miti alikuwa mwalimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko alikuta kwamba mwanamke aliyeolewa hakupewa haki za nyumba na matibabu sawa na mwanamme wa cheo kile kile, kwa hoja kwamba ana mume wa kumtunza. Yeye na mwenzake mmoja wakasimama kudai, na hatimaye mengi waliyoyadai yakakubaliwa. Tazama hoja ile: mume ametajwa kwa heshima, ndoa imetajwa kwa heshima, na mwisho wa heshima zote hizo ni mshahara uliopunguka.

Huenda akasema mtu: "Nyinyi mnatutia khofu bure. Kazi yenye kasoro ni bora kuliko kukaa bila ya kazi, na binti aliyeajiriwa Nyeri au Nairobi anamtibu mama yake na kuwasomesha wadogo zake." Twamjibu: maneno yako ni kweli, na ndiyo maana hatukusema asiende. Mabinti wa Penang wengi wao hawakutaka kurudi kwenye mpunga; walipenda kuwa na fedha zao na sauti katika nyumba. Lakini kuwa kazi ni bora kuliko njaa hakumhalalishii mwajiri kulipa kwa kipimo cha njaa. Mwenye kumwokoa mtu baharini hana haki ya kumvua nguo zake ziwe malipo. Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, hakusema apewe sifa mpaka ujira utakapopatikana.

Huenda akasema mwingine: "Haya ni makosa ya makampuni ya kigeni, sisi yatuhusu nini?" Na huyu twamwomba azitazame kofia tunazovaa siku ya Idi. Kofia ya mkono hushonwa kwa muda wa wiki nyingi, kila tundu kwa sindano, na wengi wa washonaji ni mama zetu na dada zetu. Tukiivaa twasema: "Mashallah, mkono huu una baraka." Kisha tukiambiwa bei twaona ni ghali. Aliyemfundisha tajiri wa kigeni kwamba kazi ya mwanamke hulipwa kwa kusifiwa si lazima awe ametoka mbali. Na wako miongoni mwetu wanaopokea mshahara wa binti kama kwamba ni wao, ijapokuwa sharia imeuweka mali ya mwanamke mikononi mwake mwenyewe, wala baba wala mume hana haki ya kuuchukua bila ya ridhaa yake. Anayeichukua haki hiyo nyumbani atamdai mwajiri kwa ulimi gani?

Basi lipi la kufanya? Katika kisa cha Nabii Musa, alipofika kwenye kisima cha Madyan aliwaona wanawake wawili wamewazuia wanyama wao kando, wachungaji wa kiume wamejaa kisimani. Hakuanza kwa kuwauliza kwa nini wametoka nyumbani. Aliwauliza wana jambo gani, wakamweleza, akawanyweshea wanyama wao. Kwanza aliuliza, kisha akasikiliza, kisha akasimama kutenda. Na baadaye mmoja wa wanawake wale alipomshauri baba yake juu ya kumwajiri Musa, alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu, na baba akaweka mbele ya sifa hizo ujira unaojulikana na muda unaojulikana. Huo ndio mpango wa watu waadilifu: sifa huandamana na mkataba.

Kwa hivyo mzazi, ndugu au mume ambaye jamaa yake ameajiriwa katika kazi hizi za ilimu mpya, iwe huko Nyeri, iwe Nairobi au hapa Mombasa, yampasa aulize mambo yafuatayo, na amuulize mwenyewe mwenye kazi, kwa upole, si kwa kumpeleleza. Kwanza, mwanamme afanyaye kazi kama yake analipwa kiasi gani? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Pili, anashika nini na anapumua nini, na jee, amepewa majina ya dawa kwa maandishi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamlazimisha mwajiri kumweleza na kumlinda. Tatu, akidhulumiwa au akisumbuliwa na mkubwa wake kwa mambo ya aibu, anamwendea nani? Mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi amewajibishwa na sheria kuwa na mwongozo juu ya hilo. Nne, akizaa, amehifadhiwa ile miezi mitatu ya mapumziko yenye mshahara kamili, na kazi yake ataikuta? Tano, miaka mitano ikipita atakuwa amepanda daraja, au atakuwa bado anasifiwa kwa vidole vyake?

Swali la tano ndilo litakaloufichua ukweli. Mahali ambapo wanawake ni wengi katika meza za kazi na ni wachache katika meza ya shauri, pana kasoro, hata kama magazeti yamewapiga picha. Na mahali ambapo mwanamke aliyeanza kwa kuchovya visahani sasa ndiye anayeamua dawa gani itumiwe, hapo sifa imepata mwenziwe, na sisi tutakuwa wa kwanza kuwapongeza wenye kiwanda hicho.

Kumpa binti ruhusa ya kwenda ni jambo jepesi. Hutamkwa kwa neno moja. Kusimama naye baada ya kwenda ni kazi ya miaka. Aliyempa ruhusa kisha akaacha kuuliza khabari zake, na aliyemnyima ruhusa kisha akaona amemlinda, wote wawili wameutua mzigo ambao wangali wakitakiwa waubebe. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walioko mbali, awape ujira wa halali ulio kamili, na atujaalie sisi tuwe wenye kuuliza.